Siku Tulipotembea Visby Bila Kutoka Kakuma

Vijana wangu mnaoongoza wageni hapa Lodwar, kabla sijasema lolote, vueni hiyo miwani ya jua. Mgeni akihisi mmepotea njia humtazama mwongozaji machoni apate kujua kama naye kapotea, na ukiyaficha anaanza kuhangaika bure. Mimi Akiru nilikuwa napotea mara kwa mara, lakini macho yangu hayajawahi kunisaliti.

Nimeifanya kazi hii mpaka magoti yakagoma. Nimepeleka wageni Eliye Springs, nimewapeleka Nariokotome, nimewafikisha hata Kapedo kuona maji ya moto yanavyoporomoka. Wote niliwarudisha salama, pamoja na wale ambao sikutamani kuwarudisha. Lakini mkiniuliza ni mji gani niliouongoza vizuri kuliko mahali pengine popote, nitawaambia ni Visby. Msikune vichwa. Visby ni mji wa kale wa Uswidi, uko kwenye kisiwa, na mimi sijaukanyaga mpaka leo.

Tulieni, nitafika huko. Kwanza nimseme kidogo aliyenifundisha kazi, maana bila yeye ningefukuzwa wiki ya kwanza. Alikuwa dereva, Mzee Ng'asike, mwenye Land Rover isiyo na kioo cha nyuma. Alitafuna tumbaku kutwa nzima na alifundisha kwa matusi. Safari yangu ya kwanza ya Eliye nilimhimiza aharakishe, asisimame kupunguza upepo kwenye magurudumu, kwa kuwa wageni walitaka kuogelea kabla ya jua kuwa kali. Akanitii, mjinga mimi, na gari likazama kwenye mchanga mpaka milango ikawa haifunguki vizuri. Ng'asike akachukua sepetu akaniambia, "Haya, mama wa haraka. Mimi nachimba, wewe ongoza wageni." Niwaongoze wapi, na pande zote ni mchanga? Nikaona mdudu mmoja anaviringisha mavi ya ngamia. Nikawakusanya wageni, nikamsimulia yule mdudu, ndoa yake, wakwe zake, shida anazopata na mavi yenyewe. Walimpiga picha nyingi kuliko walizopiga ziwani. Tangu siku hiyo napunguza upepo kabla ya mchanga, nanyi mfanye hivyo hivyo.

Na mgeni akiuliza kama bado ni mbali, msimtajie kilomita. Mwambieni, "Kunywa maji kwanza." Akimaliza kunywa atakuwa amesahau swali na gari litakuwa limesogea.

Sasa Nariokotome. Mnajua palipatikana mifupa ya kijana wa zamani sana, na wageni walikuwa wakija kutoka mbali kumwona. Tatizo ni kwamba mifupa ilishapelekwa Nairobi. Pale palikuwa na shimo, miiba na joto. Bwana mmoja mnene alikasirika, akaniuliza kwa ukali, "Yuko wapi?" Nikaanza kueleza habari za makumbusho, jasho likinitoka. Ng'asike akaniambia kwa Kiturkana, "Acha kelele. Mwambie alale." Yule bwana akalala chali pale chini, kofia juu ya tumbo. Ng'asike akamsogeza mguu kwa ncha ya kiatu, akasema, "Alikuwa hivyo." Basi! Kila mtu akataka kulala. Walipanga foleni ya kulala shimoni kama watu walio kwa kinyozi. Tukiwa njiani kurudi Ng'asike alitema tumbaku yake dirishani akaniambia, "Wewe unapenda sana kueleza. Mgeni mwingize ndani ya kitu, halafu nyamaza."

Hilo la kunyamaza sikulijua vizuri mpaka nilipokwenda Kakuma.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Alikuja mwalimu wa shule kutoka Uswidi, jina lake Ingrid, mwanamke mrefu mwenye kofia pana kama sinia ya pilau. Alikuwa amejitolea kuja Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kuwaandaa watu waliopata nafasi ya kuhamia mjini kwake, Visby. Kabla ya kuanza kazi alitaka kuona ziwa, nikampeleka. Huko ziwani akaniambia, "Akiru, unajua kumfanya mtu atake kuona kitu. Twende wote Kakuma unisaidie." Nikaenda. Hatujamaliza hata kupanga viti, malaria ikamwangusha. Akalazwa zahanati, na kabla hajazidiwa akanikabidhi boksi la picha za mji wake. "Waonyeshe mji wangu," akasema. "Ni kazi yako ile ile."

Darasa lilikuwa la matofali ya udongo, na mwanafunzi wangu mkubwa alikuwa Achol. Achol alitoka Sudan Kusini, mumewe alifariki vitani, naye alikuwa anauza chai karibu na soko la kambi. Mdogo wake, Nyibol, alikuwa ameshafika Visby. Hao wawili walipoteana siku ya kukimbia kijijini, mmoja akaenda na kundi hili, mwingine na lile, na kwa muda mrefu kila mmoja aliamini mwenzake amekufa. Sasa Achol na watoto wake walikuwa wamepewa nafasi ya kumfuata. Wengine darasani walikuwa familia chache zilizokuwa zinakwenda huko huko, pamoja na Baba Furaha, Mkongomani mwenye tumbo na maneno. Baba Furaha hakuwa anakwenda Uswidi wala popote. Alikuwa anahudhuria masomo ya kila nchi kwa ajili ya biskuti za mapumziko.

Ng'asike alinifundisha pia kwamba safari inaanza na kitu kikubwa. Nikabandika ukutani picha kubwa kuliko zote: ukuta wa mawe wenye minara, mrefu kupita nyumba, umeuzunguka mji wa zamani. Kando yake nikabandika makanisa. Makanisa ya Visby ni mazuri jamani, matao yake bado yamesimama wima, lakini mengi hayana paa. Ukiwa ndani ukitazama juu unaona mawingu. Nikanyoosha kijiti nikasema kwa sauti yangu ya kazini, "Karibuni Visby!"

Baba Furaha aliacha kutafuna.

"Mwalimu," akasema Achol, "hii kanisa nani alipiga?"

"Kupiga vipi?"

"Paa iko wapi? Ndege ilikuja?"

Nikageuza picha nisome nyuma. Palikuwa na maneno ya Kiswidi. Vijana, mwongozaji asiyejua jibu hutakiwa aseme sijui, ni neno fupi na halina gharama. Mimi nikasema, "Waliitoa wenyewe, ili hewa ipite."

Baba Furaha akainua mkono wenye biskuti. "Mwalimu, banasema kule iko baridi ya kuua mutu. Sasa banatoa paa bapate hewa gani tena?"

"Na hii ukuta," Achol akaendelea, "wanaogopa nani?"

"Hawaogopi mtu."

"Mtu haogopi, halafu anajenga namna hii?"

Nikaona nikimbilie mifugo, maana mfugaji akiona mifugo moyo wake hutulia. Nikabandika picha ya kondoo dume mwenye pembe nzuri, amesimama katikati ya barabara ya Visby. Ilikuwa picha niliyoipenda. Sikuwa nimeitazama kwa makini.

"Iko nafanya nini mu njia?" akauliza Baba Furaha. "Mwenyewe yuko wapi?"

Achol akasogea mpaka pua yake ikakaribia picha. Yule kondoo alikuwa wa kijivu tangu pembe mpaka kwato, hana nywele, jicho halina uhai. Achol akarudi nyuma taratibu. "Hii imekufa ikiwa imesimama," akasema. "Ni baridi."

Hapo somo likaisha lenyewe. Jioni, kwenye mabomba ya maji, habari ilikuwa imeshakomaa: Uswidi ndege zinapiga makanisa kila Jumapili, na kondoo wanaganda barabarani na majani mdomoni. Mama mmoja alinisimulia mimi mwenyewe, bila kujua nilivyohusika, akanishauri nisikubali kupelekwa.

Siku iliyofuata Achol aliniita kibandani kwake akanipa chai bila kunidai. Nikajua mambo yameharibika.

"Ejok, Mwalimu," akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi, Mama."

"Mimi hapana enda. Kesho asubuhi naambia ofisi. Khalas. Mimi nilikimbia kanisa ya kupigwa, sasa nabeba watoto nawapeleka kanisa ya kupigwa?"

"Na Nyibol?"

"Nyibol iko peke yake huko. Mtu iko peke yake anaita hata mtu ya kufa na yeye." Kisha akageuka akawa anapuliza moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Niliumia, nawaambia ukweli. Ofisini walishasema anayekataa nafasi yake anapewa mwingine, na hakuna aliyejua kama nafasi hiyo ingerudi tena. Mimi nina dada yangu anayekaa kule Kalokol. Tunagombana kila tukionana, na sikuwa nimewahi kufikiria ingekuwaje nikose kabisa wa kugombana naye. Nikaiacha chai nikaenda zahanati.

Ingrid alikuwa amefumbua macho, chupa ya dripu ikining'inia juu yake. "Ingrid," nikamwambia kabla hata ya salamu, "nani alipiga makanisa yenu?"

Nilipomweleza ya darasani alicheka mpaka muuguzi akaja kushika ile chupa isianguke. Kisha nilipofikia habari ya Achol akaacha kucheka. "Mbona hukuja kuniuliza mapema?"

"Nilikuja. Ulikuwa unazungumza na ukuta kwa Kiswidi."

Akanieleza. Zamani sana, karne nyingi, Visby ilikuwa mji wa matajiri, kila kundi la wafanyabiashara likijenga kanisa lake. Vita vilikuja, mengine yakaungua. Utajiri ukaondoka, watu wakapungua, paa za mengine zikaanguka pasiwe na wa kuzirudisha. Ukuta ulijengwa kuzuia maadui, na kuna wakati maadui wenyewe walikuwa watu wa mashambani wa kisiwa hicho hicho, wenye kondoo. Nikamwambia hiyo naielewa, hata Lodwar watu wa mjini hawapendi mbuzi wetu.

"Na kondoo?"

"Ni wa saruji. Tunawaweka barabarani kuzuia magari."

"Kwetu pia kondoo wanazuia magari," nikasema, "ila wetu hawahitaji saruji."

Sasa nilikuwa na majibu, lakini nikakumbuka Nariokotome. Yule bwana mnene hakutulizwa na maelezo, alitulizwa na kulazwa chini. Asubuhi na mapema nikamzuia Achol njiani kabla hajafika ofisini. Darasa zima lilikuwa nyuma yangu.

"Mama, tembea na mimi Visby kwanza. Tukirudi sema unachotaka."

"Visby iko hapa?"

"Leo iko hapa."

Nilianzia Tarach, ule mto wetu usio na maji. "Hii ni bahari," nikasema. "Mmeshuka kwenye meli sasa hivi. Vaeni viatu vya kukanyagia mawe, barabara zao ni za mawe na visigino vinaumia. Bebeni sweta hata kama jua linawaka." Baba Furaha akajifanya anashuka kwenye meli, akashika mkono wa mama mmoja asianguke baharini. Tukapanda ukingo tukafuata boma refu la miiba la Waturkana wenzangu. "Huu ni ukuta. Mgeni mwenye akili anauzunguka kwanza kwa nje, ndipo anaingia kwa lango. Ukianza ndani, vichochoro vinakumeza." Tukaingia kati ya nyumba za kambi, na vichochoro kweli vikatumeza. "Hapa milango imepandwa maua ya waridi mpaka madirishani. Piga picha, lakini usigonge mlango wa mtu ukidhani ni makumbusho. Ndani kuna mzee anakunywa kahawa."

"Banakula nini?" akauliza Baba Furaha.

"Wanaoka wali kama keki, wanaupaka jamu."

"Wali na jamu!" akasema Achol. Ilikuwa mara ya kwanza kutoa sauti tangu tushuke kwenye meli. "Hiyo ndiyo vita sasa."

Tukafika njia panda. Nikamsimamisha Baba Furaha katikati ya njia, nikamwambia asitikisike, yeye ni kondoo wa saruji. Mtu yule aliipenda kazi hiyo. Akatoa tumbo, akakaza jicho, mikono ikawa pembe. Mwenye mkokoteni wa maji akamtukana kwa Kisomali, akazunguka. Wa baiskeli akazunguka. "Mmeona?" nikawauliza. "Kazi yake ndiyo hii. Hakufa kwa baridi, alizaliwa hivyo." Watoto wakaja kumparamia mgongoni, naye hakutikisika, nadhani kwa sababu niliahidi biskuti.

Kufikia hapo msururu wetu ulikuwa mrefu. Wanawake wa Kiturkana waliokuwa wanauza makaa walijiunga wakiwa na magunia yao kichwani, wakiulizana tunaangalia nini. Polisi mmoja akatusimamisha.

"Haya ni maandamano?"

"Hapana, afande. Tuko Uswidi."

Akatutazama, akamtazama Baba Furaha aliyekuwa bado ni saruji. "Basi mkae kando ya barabara ya Uswidi," akasema akaenda zake.

Kituo cha mwisho sikuwa nimewaambia. Ukingoni mwa mtaa wa Achol palikuwa na kanisa la udongo walilojenga wakazi wake walipofika kambini. Upepo uling'oa paa lake, waumini wakajenga jingine kubwa zaidi, hili likabaki kuta tupu. Kuku walitagia humo. Niliwaingiza ndani, nikawaambia waangalie juu, halafu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, nikanyamaza.

Waliangalia juu. Anga lilikuwa jeupe kwa joto.

"Hii hakuna mtu alipiga," akasema Achol mwishowe. "Hii ni upepo tu na watu kuhama." Akazunguka, akagusa ukuta. Nikadhani kazi imekwisha, nikaanza kutabasamu. Akanigeukia. "Na ile ya Visby? Yote ni upepo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. "Hapana, Mama. Mengine ni vita. Vita ilikuwepo. Wa ndani ya ukuta na wa nje walipigana."

Watu wakaguna. Achol hakuguna. "Iliisha lini?"

"Zamani sana. Hata babu wa babu zao hawakuiona. Siku hizi watu wanatoka mbali kuja kuona huo ukuta. Wanavaa kofia, wanapiga picha, wanakula aiskrimu."

"Wanakula aiskrimu mahali ya vita?"

"Wanakaa juu ya mawe yenyewe wanakula."

Aliketi chini pale kati ya kuku, akajifunika uso kwa kitambaa, na mabega yakawa yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na Baba Furaha, aliyekuwa amewasili akiwa na vumbi la watoto mgongoni, akaanza kulia kwa tahadhari. Achol alipofunua uso alikuwa na vyote viwili.

"Mimi sijaona vita imeisha," akasema. "Tangu nizaliwe. Sijui inakaa namna gani. Nataka kuona." Akainuka akakung'uta nguo. "Yala, Mwalimu. Peleka mimi kwa ofisi. Naambia wao naenda."

Alikwenda. Siku ya ndege alinipa birika lake la chai, lile jeusi, na bado ninalo. Ingrid alipona akarudi kwao, mimi nikarudi Lodwar kwenye mchanga na mdudu wangu wa mavi.

Miezi mingi baadaye nikaitwa misheni, kuna simu. Ingrid alinisalimu kidogo, kisha akampa mtu mwingine. "Ejok, Mwalimu!" Achol, na sauti yake imejaa upepo wa bahari. Akaniambia Nyibol, pamoja na miaka yake yote pale, alikuwa hajawahi kuingia ndani ya ukuta. Alipita nje kila siku kwenda kazini, akiogopa kuuliza kuna nini humo. Achol alimshika mkono siku ya tatu tu ya kufika, akamshusha baharini, akamwanzishia pale pale nilipoanzia mimi: viatu, sweta, zunguka kwa nje kwanza. Alimwonyesha waridi. Alimkataza kugonga milango. Walipofika kwa kondoo alimwita kwa jina, "Huyu ni Baba Furaha," na Nyibol akafikiri dada yake amerukwa na akili.

"Iko makosa moja, Mwalimu," akasema.

"Makosa gani tena?"

"Ukuta yako ya Kakuma ilikuwa fupi. Hii imechosha sisi kabisa." Nikamsikia akicheka, na nyuma yake sauti nyingine, ya mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, ikicheka karibu sawasawa na yake. Kisha akaongea polepole. "Tuliingia kanisa bila paa. Tulikula aiskrimu. Mimi nikaambia Nyibol, siku moja kwetu pia itakuwa hivi. Watu watakuja na kofia, watauliza, vita ilikuwa wapi? Na mimi nitakuwa mzee na fimbo, nitawaongoza, nitasema, hapa. Wewe utakuja?"

Nikamwambia nitakuja. Nikamwambia apunguze upepo kwenye magurudumu kabla ya mchanga, na awaonye wageni wabebe maji, na asiwaeleze sana.

Magoti yangu yamegoma kwa kila safari, vijana, ila hiyo moja nimeyaambia yangoje. Sitakwenda kuongoza. Nitavaa kofia nipange foleni na wageni wengine, na Achol akinyoosha fimbo yake nitamuuliza kwa sauti, kama mtu asiyejua kitu, vita ilikuwa wapi.